Mziki wa pikipiki utengenezwe barabarani, sio kijiweni

Pikipiki zinazopiga mziki mzuri zikiwa zimepaki ni nyingi sana hapa Mbeya. Pita Mwanjelwa jioni, pita Kabwe, pita Uyole pale abiria wa Tukuyu wanaposubiria gari, utakuta boda zimepangwa mstari kila moja na redio yake, besi inatikisa saiti mira, vijana wamekaa juu ya tenki wanabishana Simba na Yanga huku singeli inagonga, na kwa kweli pale inapendeza. Sasa panda hiyo hiyo mwambie dereva twende Igawilo. Ikifika spidi 50 tu mziki wote umeondoka, unabaki unasikia tsi tsi tsi na mtu anaita kwa mbali, dereva anaongeza sauti mpaka mwisho, spika zinaanza kukwaruza, na hapo bado hujaambulia hata neno moja la wimbo. Mi hii kitu inaniuma kwa sababu napenda mziki na napenda pikipiki, na najua vinakaa pamoja vizuri kabisa, ila watu wanafunga redio kwa ajili ya kijiwe wakati kazi yake iko barabarani.

Mimi nasambaza vifaa vya simu, kava, chaja, protekta, flashi, memori kadi, natoka mjini naenda Kiwira, Tukuyu, Ushirika, mara nyingine nateremka mpaka Kyela na Kasumulu, na wiki nyingine nageukia upande wa pili, Inyala, Igurusi, Chimala, mpaka Makambako kama mzigo upo. Natumia Boxer, redio nimeifunga kwa mkono wangu, na madereva wengi ninaowauzia flashi wameniomba niwaangalizie na za kwao, kwahiyo haya ninayoandika ni mambo ninayoyashika kila siku.

Upepo ndo wa kuanza nao. Pikipiki ikiwa kilomita 80 kwa saa, ndani ya helmeti kelele ya upepo peke yake inafika kama desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hapo hujawasha redio, hujahesabu injini wala lori la mafuta linalokupita kuelekea Tunduma. Wale wataalam wa afya kazini wa Marekani, NIOSH, kipimo chao ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatika nusu, yani 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, 94 ni saa moja basi. Sasa we ukitaka redio iushinde upepo wa 90 maana yake unaipeleka juu ya hapo, tena mtu wa boda anashinda barabarani kutwa, jua linamkuta na linamwacha. Sikio halina spea. Likichoka halirudi, na halikuambii siku linayoanza kuchoka, we utaona tu nyumbani wanalalamika kwamba tivii unaiweka juu sana.

Afu upepo una tabia yake, kelele yake nyingi iko chini, ni ule muungurumo mzito, na huko chini ndo besi nayo inakokaa. Kwahiyo pikipiki ikishachanganya mwendo kitu cha kwanza kufunikwa ni besi. Hata uongeze vipi haitoki, unachofanya ni kuitesa amplifaya na kuimaliza betri kwa kitu ambacho hukisikii, na kibaya zaidi spika ndogo ya inchi 3 ikilazimishwa kupiga besi inatetema yote na kuharibu hata ile sauti ya mwimbaji ambayo ingesikika. Kinachopenya upepo ni sauti za katikati, sauti ya mtu anayeimba, gitaa la solo, tarumbeta, kinanda. Simu za mezani za zamani zilikuwa zinapitisha hezi 300 mpaka 3,400 tu (hezi ndogo ni sauti nene, kubwa ni nyembamba), hakuna besi pale, na bado mtu akipiga ulijua huyu ni shangazi na leo amekasirika. Hicho kipande ndo cha kukitunza. Kwenye redio yako shusha besi mpaka karibu na sifuri, nyanyua kati, na ile trebo usiipandishe sana maana nayo inakata masikio. Ukiwa umepaki utaona kama umeiharibu, imekuwa nyembamba, wenzako watasema mbona haina mzuka. Waache. Washa pikipiki, ingia barabarani, utasikia maneno yote.

Na hapo utagundua kitu kingine, kwamba sio kila mziki unafaa kwa pikipiki. Amapiano naipenda sana nikiwa ndani ya nyumba ila barabarani ile ngoma yake ya chini ndo roho ya wimbo wenyewe, upepo ukiibeba kinachobaki ni vichekecheke tu. Singeli inavumilia kidogo kwa sababu ina kelele nyingi za juu, ila ikizidi nusu saa inachosha. Bongo Fleva inategemea na prodyuza, zile za zamani ambazo sauti ya msanii iko mbele zinatembea vizuri. Lakini mfalme wa barabara kwa huku kwetu, na hapa nabishana na yeyote, ni zilipendwa na kwaya. Zilipendwa zile za bendi, magitaa matatu yanajibizana, solo inalia, rizimu inatembea, hata uwe spidi 70 unalipata gitaa lote. Na kwaya zimepangwa sauti nne, soprano, alto, tena, besi, ukipoteza ile ya chini bado tatu ziko na wewe. Halafu kuna zile rekodi za tarumbeta za kanisa la Moraviani. Hawa walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo ukipita vijijini kule utakuta vijana wanafanya mazoezi ya tarumbeta nje ya kanisa. Kile chombo kimetengenezwa kupigwa nje, kwenye upepo, na weka rekodi yake kwenye pikipiki ukiwa unapanda Isyonje asubuhi ukungu umejaa barabarani, inasikika kila noti. Mi nikiisikia pale natamani barabara isiishe.

Sasa spika zikae wapi. Naona watu wanafunga spika kubwa nyuma kwenye karia au chini ya kiti, hiyo ni ya kupigia watu wa nyuma, dereva anapata makombo. Kanuni yake ni kwamba ukiwa sehemu ya wazi umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6, na kuzirudisha hizo 6 unahitaji amplifaya yenye nguvu mara nne. Yani spika iliyoko sentimita 60 kutoka kwenye masikio yako ikihamishwa ikakae mita moja na ishirini, kama ilikuwa inakula wati 5 sasa inataka 20 kukupa sauti ile ile. Kwahiyo badala ya kununua amplifaya kubwa sogeza spika. Zile ndogo mbili zinazobanwa kwenye usukani, moja kila upande, zigeuze uso zikuangalie wewe na uziinamishe kidogo, mdomo wa spika ukitazama juu maji yanatuama ndani, na Tukuyu kunanyesha karibu mwaka mzima. Chagua yenye ngozi ya plastiki, ya karatasi ikilowa mara mbili tatu inakuwa kama andazi lililodondokea kwenye chai. Ukiona kifaa kimeandikwa IPX5 maana yake kinahimili maji ya kurushiwa, IPX7 hata kikizama mita moja kwa nusu saa kinatoka kizima, kwa mvua zetu IPX5 inatosha.

Hapo hapo kwenye upepo, kioo cha mbele kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Wenzetu wa Honda mwaka 1980 walitoa ile Gold Wing GL1100 Interstate, likipikipiki kubwa la safari ndefu, ukitaka unawekewa na redio ya stereo, na ilikuwa inasikika kwa sababu ya vitu viwili, injini ya silinda nne iliyotulia na likioo likubwa mbele linalorusha upepo juu ya kichwa cha dereva. Redio ile ilikuwa inapiga kwenye hewa iliyotulia. Sisi tuna silinda moja inayotikisa na kifua kiko wazi, kwahiyo hatuwezi kuiga sauti yao ila kioo tunaweza. Hata kile kidogo cha plastiki wanachofunga watu kwa ajili ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba kinapunguza kelele ya upepo kwa kiasi unachokisikia kabisa, na kifua nacho kinashukuru.

Tuje kwenye wati, maana hapa watu wanaumia hela. Unaenda dukani unaonyeshwa kikasha kimeandikwa kwa rangi ya dhahabu WATI 500, kingine 1000, na bei yake inapanda kwa namba hiyo. Kigeuze uangalie fyuzi iliyokuja nacho. Ukikuta fyuzi ya ampia 3, chukua betri ya volti 12 zidisha mara 3, unapata 36. Hicho kitu hata kikiwa kinakula umeme wote fyuzi inaoruhusu hakiwezi kupita sana wati 36, na kinachofika kwenye spika ni pungufu ya hapo maana mwingine unaishia kwenye joto. Hakuna uchawi hapo, umeme hautoki kwenye stika. Na wala hauhitaji zaidi, wati 10 kila upande zikiwa karibu na masikio zinatosha, kwa sababu hata ukitaka sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili unatakiwa uongeze nguvu kama mara kumi, sasa utaipata wapi kwenye pikipiki.

Betri za hizi pikipiki zetu za kazi nyingi ni volti 12, na ukubwa wake uko kati ya ampia-saa 4 na 9. Tuseme redio yako inakula ampia 2, umepaki kijiweni injini imezimwa, betri ni ya 5. Kwa hesabu ya darasani inakaa masaa mawili na nusu, ila betri ya asidi ukiwa unaikausha chini ya nusu kila siku inakufa mapema, kwahiyo saa yako halali ni moja na dakika chache, baada ya hapo stata inaanza kusema tk tk tk na mtu anaanza kupiga kiki huku abiria anamwangalia. Na baridi ya huku inaiongezea mzigo, betri ikipoa inapungua nguvu, asubuhi ya mwezi wa saba pale Uyole hata betri nzima inaamka kwa uvivu. Ukiwa na mita ya umeme pima hivi, washa pikipiki, vuta resi kidogo, washa taa na redio kwa sauti unayotumia siku zote, mita iguse betri. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.5 uko salama, magineti inachaji kuliko unavyokula. Ikikaa chini ya 13 redio inakula akiba, na foleni ya Mafiati ambapo injini inazunguka taratibu ndo itakumalizia.

Wayaringi naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndo moto unapoanzia. Waya wa chanya utoke kwenye betri, fyuzi ikae jirani kabisa na betri, sio huko mbele karibu na redio, kwa sababu fyuzi kazi yake ni kuulinda waya na waya unaanzia kwenye betri, ukichubuka chini ya tenki kabla haujafika kwenye fyuzi hakuna kitakachouzuia kuwaka, na juu yake kuna lita kadhaa za petroli. Redio iwashwe kupitia swichi ya funguo, ikiwezekana kwa rilei (swichi inayowashwa na umeme), ili ukichomoa funguo imezimika. Usiungie kwenye waya wa taa wala wa honi kwa kuukwangua na kufunga nailoni, hiyo ikilowa inapiga shoti, na honi ukiikosa kwenye kona ya Kitonga hakuna wimbo utakaokusaidia.

Kuna ule mlio wa wiiiii unaopanda ukivuta mafuta na kushuka ukiachia, watu wengi wanadhani redio ni feki. Mara nyingi redio ni nzima, tatizo ni athi, yani waya wa kurudishia umeme kwenye hasi. Ukichaji simu kwenye pikipiki na hapo hapo umeichomeka kwenye redio kwa waya wa AUX, umeme unapata njia mbili za kurudia na kelele za magineti zinapita kwenye waya wa mziki. Dawa yake, peleka athi ya redio moja kwa moja kwenye hasi ya betri, usiifunge kwenye boriti ya pikipiki penye rangi na kutu, ikiwa bado inalia toa ule waya utumie bluetooth au flashi, mlio unaisha hapo hapo.

Flashi yenyewe sasa. MP3 ilitengenezwa na watu wa taasisi ya Fraunhofer kule Ujerumani pamoja na wenzao, jina la .mp3 likaanza kutumika mwezi wa 7 mwaka 1995, na haki zao za uvumbuzi zikaisha mwaka 2017, na leo hata kile kiredio cha bei ya chini kabisa kinaisoma. Kazi yake kubwa ni kutupa yale ambayo sikio halitayagundua. Wimbo uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde unakula kama megabaiti moja kwa dakika, wa dakika nne ni megabaiti nne hivi, flashi ya giga 8 inabeba karibu nyimbo 2,000. Ukichukua wa kilobiti 320 unakula mara mbili na nusu ya hapo. Kwenye hedifoni nzuri ukiwa umelala kitandani tofauti unaweza kuipata, kwenye pikipiki upepo umeshaifuta, kwahiyo 128 mpaka 192 inatosha kabisa usijaze nafasi bure. Ila kuna nyimbo zilizobanwa zikabanuliwa zikabanwa tena, zimetoka kwenye video, zikapita WhatsApp, zikafika kibandani, hizo zina mlio wa bati na hakuna ikwalaiza itakayoziponya. Tafuta wimbo uliotoka kwenye chanzo chake, na kama msanii anauuza nunua, ana haki na kazi yake na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda.

Memori kadi za giga 64 kwenda juu zinakuja na mpangilio wa exFAT, redio nyingi ndogo hazioni kitu humo, mtu ananirudishia anasema umeniuzia mbovu. Chukua 32 kushuka chini, ipangwe FAT32. Na chukua flashi fupi ile ya kucha, au memori kadi inayozama yote, kwa sababu ile ndefu inaning'inia nje, barabara ya kokoto ya kwenda Kikondo itaitikisa mpaka ing'oe risasi ya kuchomelea iliyoshikilia tundu ndani ya redio.

Halafu hizi redio hazijui alfabeti. Nyingi zinacheza nyimbo kwa mpangilio ulioziingiza, ya kwanza kuingia ndo ya kwanza kupiga, hata uziandike 01, 02, 03. Kwahiyo ukitaka mpangilio wako futa zote, ziingize upya moja moja kwa mfuatano unaoutaka, au folda kwa folda. Kazi ya jioni moja, na ukishaifanya pikipiki inakuwa na safari yake. Mi folda ya kwanza ni ya mjini, taratibu, ya pili ni ya kupanda kutoka Igawilo mpaka Isyonje, hapo injini inalia gia ya tatu kwahiyo naweka kwaya na tarumbeta zenye sauti za juu, ya tatu ni ya kule chini Kyela kwenye tambarare na joto, ndo naachia zilipendwa. Mteremko wa kwenda Kiwira hauna folda. Pale nazima.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote kwenye flashi, na hakuna anayekifanya, ni kusawazisha sauti. Wimbo wa mwaka 1975 umerekodiwa chini, wa juzi umerekodiwa umejaa mpaka juu, ukivichanganya unajikuta kila wimbo ukibadilika mkono unatoka kwenye usukani kwenda kwenye redio, na macho yanaufuata. Kwenye spidi 60 pikipiki inakula karibu mita 17 kwa sekunde moja, ukiangalia redio sekunde mbili tu umetembea zaidi ya mita 33 bila kuona, kwenye barabara yenye ng'ombe, watoto wa shule na gari za IT, zile zinazopelekwa nchi jirani, zinazokimbilia mpakani. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa MP3Gain, unaitupia folda zima, inapima kila wimbo na kuuweka kwenye kiwango kimoja, kawaida yake ni desibeli 89, na haiubani wimbo upya, inagusa tu namba ya sauti iliyoko ndani ya faili. Mtu akija kujaza nyimbo kwangu namfanyia hiyo bila kumwambia bei, kwa sababu nataka mkono wake ubaki kwenye usukani.

Bluetooth ni nzuri na ina adabu zake. Nyimbo unazoshusha ndani ya programu kama Boomplay zinapiga ndani ya programu hiyo tu, huwezi kuzihamishia kwenye flashi, kwahiyo kwa hizo bluetooth ndo njia. Ila simu ikiita mlio unatoka kwenye spika kwa nguvu ya mziki, unashtuka. Ukitumia bluetooth weka simu kwenye mode ya ndege kisha uwashe bluetooth peke yake, au kama kazi yako inategemea simu kubali kusimama pembeni. Redio ya FM nayo nikiwa mjini nasikiliza, ukipita Iringa unaipata Ebony vizuri, lakini FM inataka kuonana na mnara, ukizama nyuma ya mlima Rungwe inakatika, ukifika Kasumulu ushaanza kudaka za Malawi, na hapo kila ukitafuta stesheni macho yametoka barabarani tena. Faili lililoko kwenye flashi halijui mlima.

Na earphone ndani ya helmeti, naomba jamani tuache. Najua zinasikika vizuri, najua abiria hasumbuki. Ukungu wa Isyonje ukishuka unaona mita chache tu mbele, lori la viazi linakuja linanguruma kwa gia ndogo, unalisikia mapema sana kabla taa zake hazijatokea, na ule mlio ndo unaokwambia sogea kushoto. Mlima Nyoka hivyo hivyo, lori linaloshuka likiwa na shida unalisikia breki zinavyopumua pumua nyuma yako. Spika ya wazi kwa sauti ya kiasi inakuachia huo mlango, earphone inaufunga.

Kuna siku nilimpa lifti mama mmoja kutoka sokoni Kiwira, mtu mzima, na kapu lake la maparachichi kalipakata, anaenda Tukuyu. Nikamuuliza mama nikuzimie mziki, akasema acha mwanangu, hiyo kwaya naijua. Tukaenda, nikawa nasikia nyuma yangu anaitikia alto taratibu, kwa usahihi kabisa, mtu aliyeimba kanisani miaka mingi. Tukikaribia kona moja akanigusa bega. "Mwanangu, punguza. Pale mbele kuna msiba." Sikuwa nimeona kitu bado, yeye alishaona kina mama wamejifunga kanga wanatembea mstari na ndoo na kuni vichwani. Nikazima kwa dole gumba bila kutoa mkono kwenye usukani, nikashusha gia, tukapita taratibu kwenye turubai lililojaa watu mpaka barabarani, yeye akawa anainamisha kichwa na kuwasalimia kwa Kinyakyusa mmoja mmoja. Tulipovuka daraja dogo akasema, "Haya baba, washa. Walikuwa wamefika ubeti wa tatu."

Ndo maana swichi ya kuzimia redio haikai kwenye redio. Iweke kushoto jirani na indiketa, dole gumba liifikie lenyewe, kwa sababu huku kwetu utaihitaji kila safari, kwenye msiba, mbele ya hospitali, shule wakiwa kwenye mitihani, kanisani na msikitini, trafiki akikusimamisha, na mzee anayetaka kukuuliza njia. Mtu wa pembeni mziki wako anausikia sekunde chache tu ukipita, hakuuchagua, na wewe hujui ana nini siku hiyo.

Ukishafunga vyote usiseti sauti nyumbani wala kijiweni. Chukua barabara iliyonyooka, mi natumia kile kipande cha kutoka Igurusi kwenda Chimala, mwite rafiki mwenye pikipiki akufuate nyuma kama mita 20, nenda spidi 60 helmeti kichwani kioo kimeshushwa. Panda sauti kidogo kidogo mpaka uyapate maneno ya mwimbaji, simama hapo usiongeze. Sasa mwenzako apige honi mara moja bila kukutaarifu. Ukiisikia, kaa pembeni, chora mstari kwenye kitufe cha sauti kwa rangi ya kucha, au kama redio yako ni ya namba iandike hiyo namba kwenye tenki, na iwe mwisho wako. Usipoisikia shusha namba mbili mrudie tena, na kama ukishusha maneno yanapotea usiguse sauti, rudi kwenye spika, zisogeze karibu na uso, halafu mwambie rafiki yako aanze kupiga honi upya.